Kufunga GPS kwenye droni ndogo ya kurushia ufukweni Bagamoyo

Alfajiri pale Bagamoyo huvuma umande, upepo wa nchi kavu ambao wavuvi huutumia kuingia baharini, na droni ndogo isiyojua mahali ilipo husukumwa kuelekea kulekule zinakokwenda ngalawa. Kipokezi cha GPS huiwezesha kurudi ilikoondokea mawasiliano ya rimoti yanapokatika, ilimradi kimefungwa inavyotakiwa.

Chomoa betri kabla ya kulehemu. Waya wa umeme, ambao kwa vipokezi vingi ni wa volti 5, na ule wa hasi huenda mahali pake kwenye bodi ya kuongozea, kisha TX (tundu la kutuma taarifa) ya kipokezi huunganishwa na RX (tundu la kupokea) ya bodi, na RX yake na TX ya bodi. Ukiunganisha TX kwa TX, bodi haitapata taarifa yoyote. Kipokezi chenye dira huwa na nyaya mbili zaidi, SDA na SCL, ambazo hazipishani.

Mahali pa kukifunga ndipo panapostahili uangalifu mkubwa kuliko yote. Setilaiti za GPS ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu ya dunia, na mawimbi yake hutufikia yakiwa dhaifu mno, hata kifaa kidogo cha kurushia picha kilicho jirani huweza kuyafunika. Droni yangu ya kwanza ilihesabu setilaiti 4 tu kila nilipowasha kamera. Nilipokihamishia kipokezi mkiani, juu ya kijiti cha sentimita 5, zikafika 13. Kibamba cha kauri, ambacho ndicho antena, kitazame juu bila kufunikwa na betri, na dira ikae mbali na nyaya nene za umeme. Kwa kuwa hewa ya pwani ina chumvi, paka sehemu ulizolehemu vanishi ya kukinga saketi, lakini usiiguse antena wala kitundu cha kipimahewa, kinachoisaidia droni kujua kimo.

Katika Betaflight, programu ya kupangia mipangilio ya bodi ya kuongozea, washa GPS kwenye mlango uliolehemu nyaya, hifadhi, kisha chagua GPS Rescue, yaani kujirudisha kwa GPS, iwe ndiyo hatua ya droni inapopoteza rimoti, na uipangie swichi yake kwenye rimoti pia. Kimo cha kurudia kipite minazi. Mita 40 zinatosha maeneo mengi ya ufukweni. Dira irekebishwe uwanjani, mbali na mabati, nondo na magari.

Siku ya kurusha, ukiwa tayari na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iweke droni mahali peupe na usubiri. Mara ya kwanza kipokezi huweza kuchukua dakika kadhaa kuzipata setilaiti, na subira hiyo ni ya lazima, kwani nyumbani kwa droni, yaani mahali itakaporudi, hurekodiwa pale unapowasha mota, hivyo usiziwashe kabla ya kuona angalau setilaiti 8. Jaribio la kwanza lifanyie kwenye uwanja wa bara, si juu ya maji: ipeleke mita 100 hivi, bonyeza swichi ya kurudi, na kidole kibaki palepale hadi uione ikipanda, ikigeuka na kuja upande wako.