Kuanza mazoezi ukiwa na kilo nyingi: goti, ngozi na joto la Kisumu

Mtu mwenye kilo 110, 130 au zaidi akiacha mazoezi mapema, watu husema ni uvivu. Mara nyingi ni goti. Au kisigino, au mapaja yaliyochubuka hadi kukojoa kunauma. Yote hutokea katika wiki za kwanza, na sababu yake ni moja: moyo na mapafu huzoea kazi mpya haraka, lakini kano na viungo vinavyobeba uzito huchukua miezi. Baada ya wiki tatu unajiona una pumzi, unaongeza mwendo mara mbili, na miguu inagoma. Kwa hiyo pumzi isikupangie ratiba. Miguu ndiyo ipange, hata kama utaona unachelewa.

Kipimo kwanza

Pima presha na sukari kabla ya siku ya kwanza. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo usifanye mazoezi; nenda kliniki. Ikiwa imefika 140 kwa 90 lakini haijafika 180 kwa 110, kutembea polepole kwa kawaida kunaruhusiwa, ila daktari ajue. Muone pia kabla ya kuanza ikiwa kifua hubana unapopanda ngazi, ikiwa huwezi kulala chali bila kukosa hewa, ikiwa umewahi kuzimia, ikiwa miguu huvimba, au ikiwa watu wa nyumbani wanasema unakoroma hadi pumzi inakatika.

Beba dawa zako zote ukienda, usizitaje kwa rangi. Zipo zinazobadilisha mambo. Atenolol na jamaa zake, ambazo ni dawa za presha, huzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakutakuambia umechoka kiasi gani. Dawa za kukojoza maji, kama hydrochlorothiazide, pamoja na jua la Kisumu, hukausha mwili upesi ukapata kizunguzungu. Dawa za kisukari kama insulini na glibenclamide zinaweza kushusha sukari ukiwa barabarani. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo. Ukitumia insulini au glibenclamide, pima sukari kabla ya kutoka: ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula ndizi moja au vipande viwili vya mkate kwanza. Ikiwa juu ya 14 na unajisikia mgonjwa, una kiu kali au unatapika, usitoke. Hiyo ni safari ya hospitali.

Mfukoni weka sukari kwenye karatasi, vijiko 3 vya chai. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, kaa chini, ikoroge kwenye maji uinywe, ngoja dakika 15. Hali isipobadilika, rudia. Anayetumia atenolol asisubiri kutetemeka wala moyo kwenda mbio, kwa sababu dawa hiyo huzificha dalili hizo; jasho ndilo hubaki.

Raba za mitumba, na jinsi ya kuzikagua

Hakuna haja ya raba mpya za bei. Jumapili kwenye soko la Kibuye, Kisumu, utapata nzuri, lakini wengi hukagua juu na kusahau chini. Fanya hivi. Bonyeza soli kwa kidole gumba kutoka pembeni, pale kwenye sponji. Ikirudi kama mkate mwororo, sawa. Ikiwa ngumu kama mbao, au ina mikunjo midogo kama ngozi ya kiwiko, sponji imekufa hata kama raba inang'aa. Kisha ikunje: inapaswa kukunjika mahali vidole hukunjikia. Ikikunjika katikati, iache. Iweke juu ya meza ya muuzaji na uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, mwenye kuivaa wa kwanza ameshaizoesha mguu wake, na wewe utalipia kwa goti. Mwisho vuta ukingo wa soli kidogo, kwa maana gundi ya zamani huachia ikipata joto.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae soksi utakazotumia. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Mguu wa mtu mzito hupanuka unapokanyaga, kwa hiyo simama ujaribu, usijaribu umekaa. Patipati na viatu vya akala ni vya nyumbani. Mwenye kisukari apige raba chini na kupitisha mkono ndani kila mara kabla ya kuvaa, kwa sababu kijiwe kidogo kwenye mguu usiohisi ni kidonda cha miezi.

Anza na kiti

Wiki mbili za kwanza zoezi kubwa, mbali na kutembea, ni kusimama na kukaa. Linaimarisha misuli ya mapaja, ambayo ndiyo hushika goti mahali pake. Usitumie kiti cha plastiki. Kwenye sakafu laini ya sementi miguu yake hutawanyika, halafu hupasuka kwenye kona, nawe unaanguka chali. Chukua kiti cha mbao au benchi, mgongo wake uguse ukuta, na kikiwa kifupi weka blanketi lililokunjwa ili makalio yawe juu kidogo kuliko magoti.

Kaa nusu ya mbele. Vuta visigino nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, toa pumzi, kisha sukuma sakafu kwa visigino usimame. Kukaa ni polepole, ukihesabu 1 hadi 3. Ukijitupa, zoezi limepotea na kiti kinaumia. Usibane pumzi, maana presha huruka. Tumbo likikuzuia kuinama, jambo ambalo vitabu vingi vya mazoezi hulisahau, panua magoti zaidi na geuza vidole nje kidogo ili tumbo lipite katikati. Magoti yaelekee vidole vinakoelekea. Yakigongana ndani, unaharibu.

Fanya mara 5, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Kila wiki ongeza moja mpaka ufike 10, ndipo upunguze unene wa blanketi. Ongeza kusukuma ukuta: simama umbali wa mkono, viganja kwenye ukuta usawa wa kifua, shuka na kurudi, mara 8. Mazoezi ya sakafuni yaache kwa sasa. Kulala chini ni rahisi, ila kuinuka bila msaada ni mtihani wa magoti kabla hayajawa tayari.

Kutembea

Siku 5 kwa wiki, kwa mpango huu:

Wiki ya 1 na 2: dakika 5, asubuhi na jioni.
Wiki ya 3 na 4: dakika 7, asubuhi na jioni.
Wiki ya 5 na 6: dakika 10, asubuhi na jioni.
Wiki ya 7 na 8: dakika 15 asubuhi, 10 jioni.
Wiki ya 9 na 10: dakika 30 kwa siku, mara moja au kwa mafungu mawili.

Hapo umefika dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima. Dakika 5 zitakuchekesha siku ya kwanza. Zifuate hivyo hivyo. Ukikaa kwenye hatua moja wiki nne badala ya mbili, hakuna kilichoharibika. Kuruka hatua ndiko huharibu. Na wiki ya kulima au kuvuna ihesabu: aliyeshika jembe kutwa nzima asitoke tena jioni kutafuta dakika zake.

Mwendo wake upime kwa maongezi. Mtu akikusalimu njiani, uweze kumjibu na kumuuliza habari za nyumbani bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Ukijibu neno moja moja, punguza. Hatua ziwe fupi. Hatua ndefu huonekana za haraka, kumbe kisigino kinapiga chini kama nyundo.

Njia yenyewe ichague kwa macho. Kisumu huteremkia ziwani: ukitoka Kondele kushuka mjini utafurahi, kisha kurudi ni mlima. Mteremko hupiga magoti, mwinuko hupiga moyo, na anayeanza hahitaji hata kimoja. Zunguka uwanja wa shule au wa kanisa ulio karibu, au mitaa tambarare, ili ukichoka usiwe mbali na nyumbani. Ukitumia barabara ya kwenda na kurudi, geuka nusu ya dakika zako hata ukijisikia una nguvu. Weka nauli ya boda mfukoni. Upande wa Dunga ni pazuri, ila usiende kingoni mwa maji kabla ya kupambazuka wala giza likiingia, maana viboko hutoka kula majani saa hizo na hawana mzaha.

Wengi huuliza kuhusu kuogelea ziwani. Maji ni rafiki mkubwa wa goti: ukisimama yakafika kifuani, miguu hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wako. Lakini Ziwa Victoria lina kichocho, hivyo tumia bwawa la hoteli. Huhitaji kujua kuogelea; tembea tu ndani ya maji, ukishika ukingo, dakika 10 hadi 20.

Joto, baridi, mvua

Kisumu ina joto lenye unyevu. Jasho linalotiririka bila kukauka halipoozi mwili, na mwili mkubwa hutunza joto zaidi. Toka kati ya saa 12:30 na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Kunywa nusu lita ya maji saa moja kabla, kisha beba chupa ya kunywa mafunda. Daktari akiwa amekupimia maji kwa sababu ya moyo au figo, fuata kipimo chake. Mkojo uwe rangi ya majani makavu. Ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa.

Nakuru ni habari nyingine. Iko mita 700 hivi juu zaidi ya Kisumu, na aliyehamia kutoka ziwani atahema kwa mwendo uleule. Arudi hatua moja kwa wiki mbili. Julai asubuhi baridi hukaza kifua, hasa kwa mwenye pumu: subiri jua litoke, na anza na dakika 5 za kupiga miguu ndani ya nyumba. Kakamega tatizo ni mvua ya alasiri na tope jekundu. Kuteleza ukiwa na kilo 120 si kuteleza kwa mtoto, kwa hiyo siku hizo tembea kwenye veranda.

Ngozi

Hili huonewa aibu, na ndilo hurudisha wengi nyumbani. Kabla ya kutoka paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja, kiasi cha ncha ya kidole kila upande, na chini ya matiti na kwapani. Vaa taiti ndefu inayofika karibu na goti. Juu yake leso au sketi, ukipenda. Sidiria ishike vizuri. Ukirudi oga, kausha kwa kugusagusa usisugue, hasa kwenye mikunjo ya tumbo. Ngozi ikiwa nyekundu, inawasha na kunuka, huenda ni ukungu: krimu ya clotrimazole ya duka la dawa husaidia, na mafuta ya mgando usipake juu yake. Mwenye kisukari aende kliniki.

Na kuhusu kujifunga nailoni ili utoe jasho jingi: yanayotoka ni maji, yatarudi ukinywa, na katikati unaweza kuzimia. Chai za kupunguza tumbo zinazokuharisha ni hatari zaidi, kwa sababu madini yakishuka, moyo hupiga ovyo.

Maumivu

Yape alama 0 hadi 10. Mpaka 3, na yakiisha kufikia asubuhi, endelea. Yakizidi, au kesho goti likiwa bovu kuliko jana, punguza dakika nusu kwa siku tatu. Usiache kabisa, kwa maana goti lililolala hukakamaa. Kisigino kinachouma hatua za kwanza asubuhi kisha kikatulia ni utando wa unyayo: vingirisha mguu juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa dakika 5, na nyoosha shavu la mguu ukiegemea ukuta, sekunde 30 mara 3. Uchungu wa mbele ya muundi kwa kawaida ni wa kuongeza haraka au raba iliyokufa. Na kwa anayekata tamaa: kila kilo inayopungua hupunguzia goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua.

Yapo maumivu yasiyopewa alama. Kifua kubana, uchungu unaopanda taya au mkono, kizunguzungu cha ghafla, moyo kuparaganyika, pumzi kutorudi baada ya dakika 10 za kukaa: acha kutembea, kaa, mwite mtu, piga 999 au 112, au tafuta gari la hospitali. Usipande boda peke yako. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kwenye shavu, huenda ni damu iliyoganda. Usiukande, nenda siku hiyo hiyo.

Ukikosa wiki moja kwa ugonjwa au msiba, rudi hatua moja kwenye mpango. Ukikosa mwezi, anza upya na dakika 5. Na raba zako zibonyeze tena kila baada ya miezi mitatu. Chini ya mtu mzito, sponji huisha mapema kuliko unavyodhani.