Msumeno wa meza wa karakana ya nyumbani: nini cha kununua, nini cha kuongezea baadaye

Kwenye msumeno wa meza kuna vitu vinne ambavyo huwezi kuvibadilisha bila kununua mashine nyingine: meza yenyewe, shafti inayobeba bledi, fremu inayoinua na kuinamisha shafti hiyo, na mota. Vilivyobaki vinatengenezeka. Fensi (ule mwongozo unaoegemeza ubao unapopasua) mbovu, swichi ya ovyo, mdomo (tundu la meza bledi inapotokea) mpana na miguu inayoyumba ni kazi ya fundi wa kuchomelea, plaiwudi kidogo na jioni mbili tatu. Hela iende kwanza kwenye vile vinne. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: wanavutiwa na fensi yenye namba zinazong'aa na miguu ya magurudumu, halafu wakifika nyumbani wanakuta shafti inacheza.

Aina ya mashine

Msumeno wa kubebeka una bledi ya milimita 210 hadi 254, mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) ya wati 1500 hadi 2000, na meza ya aluminiamu. Unanyanyuliwa na mtu mmoja au wawili, una kelele kali, na meza yake ni fupi: ubao wa plaiwudi mzima juu yake ni hatari hadi uongeze meza za pembeni. Kwa aliyepanga nyumba na anafanyia kazi uani, huo ndio wake.

Msumeno wa meza wa mkanda, yaani ule ambao mota inazungusha bledi kwa mkanda, una mota isiyo na brashi, ya nguvu farasi 1.5 au 2, iliyoning'inia nyuma au kufichwa ndani ya kabati, na meza ya chuma cha kusubu. Uzito wake mara nyingi unapita kilo 100, na uzito huo ndio unaotuliza mtetemo. Kwa bei ileile, wa mkanda uliotumika lakini mzima ni bora kuliko wa kubebeka mpya, ilimradi una sakafu ya kuuweka. Mashine kubwa za kabati, nguvu farasi 3 na kuendelea, ni nzuri mno, lakini kwa vigoda, kabati na rafu za wikiendi hazihitajiki.

Kuna pia zile za kuchomelewa mtaani: fremu ya vyuma vya pembe, bamba la chuma juu, shafti na mota. Zinapasua mbao kutwa nzima bila kulalamika. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazina bapa la nyuma ya bledi (bamba jembamba linalozuia ubao kuibana bledi) wala kifuniko, na bledi haipandi wala kushuka. Ukinunua ya namna hiyo, hesabu kabisa gharama ya kuiwekea bapa.

Umeme kabla ya bei

Tanzania, Kenya na Uganda umeme wa nyumbani ni volti 230 hadi 240, hezi 50, na plagi ya pini tatu bapa yenye fyuzi ya ampia 13. Fyuzi hiyo inabeba takriban wati 3000. Mota ya nguvu farasi 2 inatosha humo. Ya 3 inavuta kupita kiasi hasa inapowaka, hivyo inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi.

Mashine za Dubai huja na umeme unaolingana na wetu. Za Marekani ni volti 120 na hezi 60, za Japani ni volti 100, na za njano za maeneo ya ujenzi Uingereza ni volti 110. Mota ya brashi haijali hezi, kwa hiyo inataka transfoma tu. Kwa mashine ya wati 1800 chukua ya VA 3000, maana kuwaka kwake kunahitaji nguvu ya ziada. Mota ya mkanda ya Marekani mara nyingi huandikwa 115/230 kwenye kibati chake cha maelezo, na fundi umeme anaweza kuhamisha waya ndani ya kiboksi ili ipokee 230. Lakini kwa hezi 50 itazunguka kama mara 2875 kwa dakika badala ya 3450, na itapata joto zaidi. Ipe mapumziko.

Mashine kuukuu za viwandani ni za fezi tatu. Usizikimbie kabla ya kusoma kibati. Kikiandikwa 230/400, mota hiyo inaweza kuungwa delta (koili zake kwa umbo la pembetatu) na kuendeshwa na inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu. Kikiandikwa 400/690, achana nayo, inveta ya fezi moja haitaifikisha.

Waya wa kuongezea uwe wa milimita mraba 2.5, usizidi mita 25, na kama umezungushwa kwenye rola ukunjuliwe wote. Waya mwembamba hula volti: mota inachelewa kushika kasi, kapasita inachemka, na lawama anabebeshwa muuzaji wa mashine.

Ukaguzi dukani au kwa muuzaji

Nenda na rula ya chuma ya milimita 600, fila ya mafundi magari (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), guni (kipimo cha pembe mraba) na tochi. Plagi iwe nje ya soketi.

Toa bledi. Shika shafti kwa vidole, isukume juu na chini, kisha vuta na sukuma kwa urefu. Ukihisi mchezo wowote, beringi zimekwisha. Izungushe taratibu, ikikwaruza kama ina mchanga ndani, nazo zimekwisha. Beringi si gharama kubwa, namba yake imeandikwa ubavuni, na 6203 au 6204 zinapatikana kwa wauza spea za pikipiki na magari. Cha kuogopa ni shafti iliyolika pale beringi inapokaa. Beringi mpya ikiingia kwa kidole bila kugongwa, shafti hiyo ni ya kwenda kwa mchonga vyuma.

Laza rula juu ya meza kwa mshazari, pande zote mbili, na ujaribu kupitisha fila ya 0.3 chini yake. Ikipita katikati, meza ina bonde, na bonde karibu na bledi halina dawa ya nyumbani. Kisha pandisha na uinamishe bledi kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzito unaotokana na unga wa mbao kwenye meno ya giya unaondoka kwa brashi. Jino lililovunjika haliondoki.

Pima tundu la bledi. Za Ulaya ni milimita 30, za Marekani ni inchi 5/8, yaani 15.9. Kabla ya kulipa, ulizia kwanza maduka ya mjini kwako yanauza zipi. Pete ya kupunguza tundu kutoka 30 inafaa ikiwa imebana; kutoboa bledi ili tundu liwe kubwa haifai hata kidogo.

Mwisho uwashwe. Kwenye mota ya brashi, cheche ndogo za bluu ni kawaida. Duara la moto linalozunguka ndani ni amecha (sehemu ya mota inayozunguka) iliyokufa.

Kunyoosha bledi na meza

Hata mashine mpya huja imepinda kidogo, na hii ndiyo kazi inayobadilisha mashine kuliko kifaa chochote utakachonunua. Kipimo cha msingi ni mfereji wa meza, ule geji ya pembe (kifaa cha kusukumia ubao kwa pembe) inamotembea. Bledi inafuata mfereji, na fensi inaufuata pia.

Inua bledi yote. Weka alama ya kalamu kwenye jino moja. Funga kipande cha mbao kwenye geji ya pembe, ncha yake ikiwa na skrubu inayogusa jino hilo upande wa mbele. Zungusha bledi kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma, sogeza geji, na upime tena kwa fila. Sababu ya kutumia jino moja ni kwamba bledi yenyewe inaweza kuwa na mpindo, na jino moja linaondoa mpindo huo kwenye hesabu. Tofauti ikiwa ndani ya milimita 0.1, usiguse kitu. Ikizidi, legeza boliti za fremu chini ya meza, zote isipokuwa moja ya kuzungukia, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, kaza, pima. Kukaza nako husogeza, kwa hiyo pima baada ya kukaza, si kabla.

Rudia kipimo bledi ikiwa imeinama nyuzi 45. Ikiwa ilikuwa sawa wima na sasa haiko sawa, fremu inataka vipande vya bati laini, upande wa mbele au wa nyuma.

Fensi iwe sambamba na bledi, au ifunguke nyuma kwa 0.1 hadi 0.2. Ikifunga nyuma, ubao unabanwa kati ya fensi na meno yanayopanda, na hapo ndipo mashine inapourusha ubao kifuani. Dalili ya mapema ni alama za kuungua upande wa fensi.

Maboresho kwa mpangilio wa umuhimu

*Swichi.* Umeme wetu unakatika. Mashine yenye swichi ya kubofya tu huwaka yenyewe umeme ukirudi, labda wakati umeinama unabadilisha bledi. Funga swichi ya sumaku, ile ya vitufe viwili, kijani na chekundu. Umeme ukikatika, koili yake inaachia na hairudi hadi ubonyeze. Jaribio lake ni rahisi: washa, zima soketini, washa tena soketini. Mashine ibaki kimya. Iweke mahali goti linapofika. Na bado ukibadilisha bledi, chomoa plagi.

*Bapa la nyuma ya bledi.* Liwe nene kuliko mwili wa bledi na jembamba kuliko njia inayokatwa. Bledi ya kawaida inakata njia ya milimita 3.2, nyembamba inakata kama 2.4, kwa hiyo ukibadilisha aina ya bledi angalia na bapa. Pengo kati yake na meno lisizidi milimita 8. Kwa Afrika Mashariki hili lina uzito wa pekee kwa sababu mbao nyingi za paina na saipresi zinauzwa zikiwa mbichi. Ubao mbichi, au uliokaushwa haraka, ukipasuliwa hujikunja na kuibana bledi nyuma. Mashine isiyo na bapa, chomeka kipande cha mbao ngumu kwenye sahani ya mdomo (kifuniko kinachoziba mdomo kuzunguka bledi), nyuma ya bledi, nyuzi zake zikisimama wima.

*Bledi.* Meno 24 kwa kupasua (kufuata nyuzi), 60 hadi 80 kwa kukata (kukatiza nyuzi) na kwa plaiwudi, 40 kwa mwenye bledi moja tu. Bledi ya meno 80 ikitumiwa kupasua mninga wa inchi mbili huchoma mbao na kuchemsha mota, na watu hudhani mashine haina nguvu. Soma kasi ya juu iliyoandikwa kwenye bledi. Lazima izidi kasi ya mashine. Mtiki una silika inayolisha meno haraka, na mvule wakati mwingine una mawe ya chokaa ndani yake, magumu kiasi cha kung'oa vipande vya kabaidi kwenye ncha za meno. Kwa miti hiyo miwili tumia bledi isiyo ghali.

*Fensi.* Skwea paipu ya 75 kwa 50 yenye unene wa milimita 3, urefu wa 900, inachomelewa kwenye kichwa cha chuma cha pembe cha urefu wa 400, ili iwe na umbo la T. Reli ya mbele ni skwea paipu ya 50 kwa 50. Joto la kuchomelea hupindisha chuma, kwa hiyo fundi apige nukta kwanza, apime kwa guni, kisha ajaze kwa zamu, upande huu na ule. Kwenye kichwa toboa matundu mawili ya boliti za M8, hizo ndizo za kunyooshea. Boliti ya M10 yenye mpini inabana kichwa kwenye reli. Ubavuni funga plaiwudi ya milimita 18, na pale paipu ilipopinda weka karatasi nyuma yake hadi uso unyooke.

*Sahani ya mdomo.* Plaiwudi ya milimita 12, ichongwe iingie kwa kubana, ishikiliwe na mbao iliyofungwa juu yake kwa klampu, kisha bledi ipandishwe ikiwa inazunguka ijitobolee njia yake. Plaiwudi haitachanika tena chini, na vipande vyembamba havitadondoka ndani.

*Sledi ya kukatia.* Kitako cha plaiwudi, reli mbili zinazotembea kwenye mifereji, na kizuizi kimoja kilichofungwa kwa skrubu mbili. Reli za mninga mkavu zinafaa kwa sababu mninga hauvimbi sana na unyevu. Kupima usahihi, chukua plaiwudi ya mraba ya 400, kata ukingo mmoja, zungusha ukingo uliokatwa ukae kwenye kizuizi, kata tena, hadi pande zote nne. Kata ya tano itoe ukanda wa takriban milimita 25. Pima upana wake kwa vernia ncha zote mbili. Ukipata 25.9 na 25.1, tofauti ni 0.8, igawe kwa nne, kosa ni 0.2 kwa kila milimita 400. Kama skrubu zimeachana 500, sogeza moja kwa 0.25 na urudie. Tofauti ikikua, ulisogeza upande usio wake.

*Vumbi na kutu.* Vumbi la mbao limeorodheshwa na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, tangu 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na la mvule linawasha ngozi na kifua. Ziba matundu ya kabati, unganisha bomba la milimita 100 chini, na vaa barakoa hata ukiwa na mashine ya kunyonya. Kwa walio Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, meza ya chuma hushika kutu kwa usiku mmoja wa upepo wa bahari. Isugue kwa msasa wa 400 na mafuta ya taa, ifute ikauke, paka nta ya samani isiyo na silikoni, na urudie kila mbao inapoanza kukwama juu yake.