Mafuta Yakifika Mikokoni: Hatua za Kufuata Katika Siku za Mwanzo

Mwongozo huu nimewaandikia wavuvi na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, ambao huwa wa kwanza kuyaona mafuta yaliyomwagika baharini na wa mwisho kuulizwa la kufanya. Katika kuwafunza wanakijiji kazi hii nimeshuhudia madhara makubwa yakiletwa na watu wenye nia njema walioingia matopeni kwa pupa, na kwa sababu hiyo nitasisitiza zaidi yale ya kujizuia kuyafanya.

Hatua ya 1: Rekodi kabla ya kugusa

Simama upande unakotoka upepo, kwa kuwa mafuta mabichi hutoa mvuke wenye benzini, nao hudhuru mapafu na damu. Zima moto na sigara, na uwaondoe watoto na wajawazito. Andika saa, mahali, mwelekeo wa upepo na hali ya maji, kama yanajaa au yanakupwa, kisha piga picha ukiweka kasia kando ili ukubwa wa doa uonekane. Chota sampuli katika chupa safi ya kioo, ufunike mdomo kwa karatasi ya alumini kabla ya kifuniko, kwani plastiki huichafua sampuli. Ihifadhi penye baridi na giza. Kwa sampuli hiyo maabara inaweza kuyalinganisha mafuta ya ufukweni na yale ya tangi la meli inayotuhumiwa.

Toa taarifa kwa mamlaka ya bahari na ya mazingira siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tambua aina ya mafuta

Dizeli husambaa upesi na sehemu yake kubwa huyeyuka hewani, lakini ni sumu kali kwa kaa na samaki wachanga. Mafuta mazito ya injini za meli hunata, na yakichanganyika na maji ya bahari kwa mapigo ya mawimbi huwa uji wa kahawia wenye ujazo mara tatu au nne ya ule wa mwanzo. Mafuta ghafi ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupashwa joto njia nzima. Yakimwagika baharini, tarajia mabonge kuliko utando.

Hatua ya 3: Linda hori kwanza

Hori ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na humo ndimo mikoko huota. Ufuo wa mchanga husafishika. Msitu wa mikoko kwa kiasi kikubwa hausafishiki. Mchu, ambao ni aina ya mkoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza topeni, na mafuta yakiifunika, mti hukosa hewa na kufa polepole. Mombasa ililiona hilo katika hori ya Makupa baada ya mafuta kumwagika huko mwaka 1988.

Kwa hiyo nguvu zote za kwanza zielekezwe kwenye mlango wa hori. Huko Mauritius, mnamo Agosti 2020, meli ya Wakashio ilipovujisha takriban tani 1,000, wananchi walishona vizuizi vinavyoelea kwa majani makavu ya miwa na chupa tupu. Kwetu, makumbi ya nazi ndani ya nyavu kuukuu yanaweza kufanya kazi hiyohiyo. Tega kizuizi mshazari, usikikingamishe dhidi ya mkondo, kwa sababu mkondo mkali hupitisha mafuta chini yake. Kazi hii ikamilike wakati wa maji mafu, yaani maji yanapojaa kidogo, kabla bamvua, yaani maji makuu, halijayapandisha mafuta hadi ndani kabisa ya msitu.

Hatua ya 4: Ondoa bila kukanyaga

Usiingie topeni. Kila unyayo huyashindilia mafuta mahali pasipo na hewa, ambapo hukaa miaka mingi. Palipo na lazima, tandika mbao. Mchangani, tumia koleo na ukwangue tabaka jembamba tu.

Sabuni isitumike kabisa. Uingereza, mwaka 1967, dawa za kusafishia mfano wa sabuni zilizomwagwa ufukweni baada ya ajali ya meli ya mafuta ya Torrey Canyon ziliua viumbe wengi kuliko mafuta yenyewe, na Alaska, baada ya mafuta kumwagika mwaka 1989, maji ya moto yenye shinikizo yaliyotumiwa kusafishia yaliwaua viumbe waliokuwa wamesalimika.

Hatua ya 5: Endesha baraza

Mzee atailaani meli, na kijana atamjibu kwamba mashine ya boti lao hunywa petroli ileile. Wote wawili wanasema kweli. Mwenyekiti atenganishe hoja: leo tunajadili nani alipe, na suala la utegemezi wa mafuta lipangiwe siku yake, lisizimwe. Anayetumia petroli hapotezi haki yake ya kudai fidia, na asikubaliwe yeyote kumnyamazisha mwenzake kwa hoja hiyo.

Meli ikiwa ya kubeba mafuta ghafi au mazito, Kenya na Tanzania ni wanachama wa mfuko wa kimataifa wa fidia wa mwaka 1992, na dai hufikishwa ndani ya miaka mitatu tangu hasara itokee. Mvuvi atatakiwa kuthibitisha kipato chake cha kabla ya ajali. Anza leo, mafuta yakiwa bado hayajamwagika: kila siku mnadani, andika katika daftari jina la chombo, kilo zilizouzwa na bei, na karani atie saini.