Somo: Diski imeonekana lakini haifunguki kwenye Linux

Wakuu, kuonekana na kufunguka ni mambo mawili. Kerneli (kiini cha Linux) ikitambua diski huipa jina ndani ya /dev: ya SATA au USB huitwa sda, sdb, ya NVMe, nvme0n1. Patisheni (kipande cha diski) huongezewa namba, mfano sdb1 au nvme0n1p1. Faili hazisomeki mpaka patisheni ipachikwe kwenye folda, kwa sababu huku hakuna C: wala D:. Kila kitu kiko kwenye mti mmoja unaoanzia /.

Hatua ya 1. Chomeka diski, andika:

`lsblk -f`

Utaona jina, aina ya mfumo wa faili na UUID (namba ya kipekee ya utambulisho). Isipotokea kabisa, andika `sudo dmesg | tail -n 20`. Ukikuta "I/O error" inajirudia, badilisha kebo na tundu la USB. Ikiendelea, okoa data kwanza, ukarabati baadaye.

Hatua ya 2. Pachika kwa mkono (badala ya sdb1 weka jina uliloliona):

`sudo mkdir -p /mnt/data`
`sudo mount /dev/sdb1 /mnt/data`

Hatua ya 3. Ukitaka ijipachike kila unapowasha, ni /etc/fstab, faili yenye orodha ya vya kupachika. Hapa niliumia mwenyewe. Niliandika /dev/sdb1, siku moja nikawasha flashi ikiwa imechomekwa, majina yakahama, kompyuta ikaishia "emergency mode" (hali ya dharura). Jina la sdb hutegemea diski ipi imegunduliwa kwanza. UUID imeandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe, haibadiliki hadi ufomati. Kwa hiyo nakili fstab pembeni, kisha ongeza mstari, ukiweka UUID na aina ya mfumo wa faili ulizoziona Hatua ya 1 (hapa ni ext4):

`UUID=yako /mnt/data ext4 defaults,nofail 0 2`

Hiyo nofail usiiache kwa diski ya nje: diski isipokuwepo, kompyuta itaendelea kuwaka. Ukishahifadhi, andika `sudo findmnt --verify`, halafu `sudo mount -a`. Usiwashe upya kabla kosa lolote halijaondoka.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, diski ya Windows inafunguka ila haikubali kuandika.*
Windows haikuzimika kabisa. Fast Startup huiacha NTFS (mfumo wa faili wa Windows) katika hali ya nusu usingizi, na Linux hukataa kuandika ili isiharibu data. Rudi Windows, izime Fast Startup, kisha uzime kompyuta.

*Nikiandika umount inasema "target is busy".*
Kuna programu inaitumia, au terminali yako iko ndani ya folda hiyo. `sudo fuser -vm /mnt/data` itakutajia. Tafadhali usichomoe hivyo hivyo, data nyingine huwa bado iko kwenye RAM.

*Mimi nimeshakwama emergency mode, nafanyaje?*
Pole ndugu. Weka nenosiri la root (akaunti ya msimamizi mkuu), andika `mount -o remount,rw /`, fungua fstab kwa nano, weka # mwanzoni mwa mstari ulioongeza, kisha `reboot`. Kama root haina nenosiri, washa kwa flashi ya kusakinishia, pachika patisheni ya mfumo, urekebishe fstab iliyomo humo.