Somo: Kutumia Stevia Badala ya Sukari, Hatua kwa Hatua

Stevia ni kichaka kidogo cha jamii ya alizeti, kwa jina la kitaalamu Stevia rebaudiana, ambacho asili yake ni Paraguay na maeneo ya Brazil yanayopakana nayo. Waguarani, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walikuwa wakitumia majani yake kutia utamu katika vinywaji vyao muda mrefu kabla ya Moisés Bertoni, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Uswisi, kuuelezea mmea huo kisayansi mwaka 1899. Mwaka 1931 wakemia wawili wa Ufaransa, Bridel na Lavielle, walitenga steviosaidi, mojawapo ya viini vinavyoyapa majani hayo utamu wake.

Wengi hununua stevia, huitumia kwa wiki moja, kisha huiacha kwa madai kwamba ni chungu au kwamba imewaharibia keki. Mara nyingi chanzo ni kudhani kwamba inafanya kila kinachofanywa na sukari, ilhali inashika nafasi ya sukari katika jambo moja tu, nalo ni utamu. Ukilikubali hilo mapema, hatua zinazofuata hazitakusumbua.

Hatua ya kwanza: tambua ulichonacho mkononi

Kwa jina hilo moja la stevia huuzwa vitu vitatu tofauti. Kuna majani makavu, mazima au yaliyosagwa, ambayo utamu wake hukisiwa kuwa mara 10 hadi 30 ya utamu wa sukari. Kuna dondoo safi, yaani unga mweupe wa glikosaidi za stevioli, ambazo ni viini vitamu vilivyochujwa kutoka kwenye majani, ambao utamu wake hufika mara 200 hadi 300. Kisha kuna pakiti za mchanganyiko, na hapa ndipo umakini unapohitajika, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichomo si stevia bali ni kijazio kilichowekwa ili unga upimike kwa kijiko.

Geuza pakiti usome orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huanza na kile kilicho kingi zaidi. Ukikuta deksitrosi au maltodekstrini mwanzoni, fahamu kwamba hivyo ni vyakula vya wanga vinavyopandisha sukari ya damu, hata kama upande wa mbele pamechorwa jani la kijani. Erithritoli, kijazio kingine, haipandishi sukari ya damu, ila ikitumiwa kwa wingi huweza kuvuruga tumbo la baadhi ya watu. Kwa maoni yangu, anayeacha sukari kwa sababu za kiafya anunue dondoo safi na ajipimie mwenyewe.

Hatua ya pili: geuza dondoo kuwa maji ya kupimika

Dondoo safi haipimiki kwa kijiko. Kijiko cha chai cha sukari kina takribani gramu 4, na ili upate utamu huo kwa dondoo yenye nguvu mara 200 unahitaji miligramu 20 tu, kiasi ambacho ni vumbi kidogo kwenye ncha ya kisu. Mkono wa mtu hauwezi kurudia kipimo hicho kila asubuhi bila kukosea, ndiyo maana kikombe kimoja huwa sawa na kinachofuata huwa hakinyweki.

Pima gramu 1 ya dondoo kwa mizani inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu, kwani mizani inayosoma gramu nzima tu inaweza kukupunja au kukuzidishia nusu ya kipimo. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha yeyushia humo unga huo na uongeze maji mpaka yafike mililita 100. Tia katika chupa safi yenye kifuniko na uihifadhi kwenye jokofu. Sasa kila mililita moja ina miligramu 10 za dondoo, sawa na gramu 2 za sukari, hivyo mililita 2 zinatosha pale ulipozoea kijiko kimoja cha chai. Bomba la sindano lisilo na sindano ndicho kipimio bora. Tengeneza kiasi kidogo kila mara, na maji yakianza kuwa na ukungu uyamwage.

Anza na pungufu ya hesabu hiyo. Utamu wa stevia hauongezeki kwa ulinganifu kadiri unavyoizidisha; ukivuka kiwango fulani kinachoongezeka ni uchungu. Vilevile utamu wake huchelewa kufika ulimini na huchelewa kuondoka, kwa hiyo onja, subiri kidogo, ndipo uamue kama unahitaji tone jingine.

Hatua ya tatu: kwa wanaotumia majani

Chuma matawi kabla mmea haujatoa maua, yaanike kivulini mahali penye hewa mpaka majani yavunjike kwa vidole, kisha yapukutishe na utupe vijiti, ambavyo havina utamu wa maana. Loweka kijiko kimoja cha mezani cha majani yaliyovunjwavunjwa katika vikombe viwili vya maji ya moto yaliyokwisha epuliwa, funika kwa muda wa nusu saa, kisha chuja kwa kitambaa. Usiyachemshe kwa muda mrefu kwa kutaka kukamua kila kitu, maana utakamua na uchungu. Weka kwenye jokofu na utumie ndani ya wiki moja.

Hatua ya nne: angalia sukari ilikuwa na kazi gani katika chakula hicho

Katika chai, kahawa, uji, maziwa na sharubati, sukari haina kazi nyingine zaidi ya utamu, na hapo stevia huingia bila shida. Inastahimili joto la kupikia, hivyo inaweza kutiwa chakula kikiwa bado jikoni.

Keki ni habari nyingine. Sukari inapopigwa pamoja na siagi hukamata hewa, huzuia unyevu usipotee, hulainisha na huipa keki rangi ya kahawia, mbali na kuwa sehemu kubwa ya ujazo wake. Ukiondoa gramu 200 za sukari na kuweka gramu 1 ya dondoo, umeondoa karibu gramu 199 za keki yenyewe. Matokeo yake ni kitu kifupi, kikavu na cheupe. Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni kubakiza nusu ya sukari na kufidia utamu wa nusu nyingine kwa stevia, huku ujazo uliopotea ukirudishwa kwa tunda lililopondwa au mtindi. Usisubiri rangi ikuambie kwamba keki imeiva; chomeka kijiti katikati.

Mkate wa hamira hauna tatizo kubwa. Hamira haiwezi kula stevia, lakini hupata sukari inayotokana na wanga wa unga wenyewe, hivyo donge litaumuka, pengine polepole zaidi. Jemu huhitaji tahadhari, kwa kuwa sukari ndiyo inayoyafunga maji ili ukungu na vijidudu visistawi. Jemu ya stevia ihesabiwe kuwa chakula kinachoharibika upesi, cha kukaa kwenye jokofu kwa siku chache. Aiskrimu itaganda kama jiwe. Karameli haitengenezeki kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mwalimu. Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini. Je, naweza kuondoa sukari yote nyumbani na kubakiza stevia?

Jibu: Ndugu, tafadhali usiondoe yote. Glikosaidi za stevioli hazimeng'enywi tumboni. Bakteria wa utumbo mpana huzivunja kuwa stevioli, ambayo huchakatwa na ini na kutolewa kwa mkojo, kwa hiyo hazipandishi sukari ya damu. Sifa hiyo hiyo inazifanya zisiwe na msaada wowote pale sukari ya mama inaposhuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho. Wakati huo anahitaji sukari halisi au kinywaji chenye sukari, nacho kiwe karibu naye na kijulikane na kila mtu nyumbani. Pia mweleze daktari wake kuhusu mabadiliko haya, ili vipimo vya dawa viangaliwe upya ikiwa atapunguza wanga kwa kiasi kikubwa.

Swali: Nimejaribu kupunguza lakini bado nasikia ladha ya dawa. Tatizo ni ulimi wangu?

Jibu: Kwa sehemu, ndiyo. Viini hivi hugusa vipokezi vya utamu na vya uchungu kwa pamoja, na watu hutofautiana katika kuuhisi uchungu huo. Jaribu dondoo yenye rebaudiosaidi A kwa wingi, au rebaudiosaidi M ukiipata, ambazo ni viini vingine vitamu vya stevia, kwa kuwa steviosaidi ndiyo yenye uchungu zaidi. Maji kidogo ya limau husaidia katika vinywaji baridi.

Swali: Je, kuna kikomo cha matumizi kwa siku? Na watoto je?

Jibu: Mwaka 2008 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) iliweka kikomo cha miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kipimo kikihesabiwa kama stevioli. Stevioli ni takribani theluthi moja ya uzito wa rebaudiosaidi A. Hivyo mtu wa kilo 60 anaruhusiwa kama miligramu 720 za dondoo ya aina hiyo, sawa na mililita 72 za maji yetu. Huo ni utamu wa gramu 144 za sukari, na anayefikia hapo kila siku namshauri azungumzie kwanza uzoefu wake wa utamu. Mtoto wa kilo 15 hufikia kikomo kwa mililita 18 tu, kiasi ambacho vinywaji vichache vinaweza kukifikisha, kwa hiyo watoto wazoeshwe vyakula visivyo vitamu mno. Kikomo hiki kinahusu dondoo iliyosafishwa. Majani ghafi hayamo, na nchini Marekani FDA, mamlaka ya chakula na dawa, haijayakubali kama kiongeza utamu cha vyakula.

Swali: Je, nitapungua uzito?

Jibu: Usiitegemee kwa hilo. Mwezi Mei 2023 WHO ilishauri viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa ushahidi haukuonyesha manufaa ya muda mrefu katika kupunguza mafuta mwilini. Ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Swali: Nimesikia kwamba stevia huzuia mimba. Ni kweli?

Jibu: Madai hayo yalitokana na jaribio la panya lililochapishwa mwaka 1968. Majaribio yaliyofuata hayakuweza kupata matokeo hayo tena kwa dondoo iliyosafishwa.

Swali: Nimepanda mbegu kwenye kitalu na zimeota chache sana. Mche mmoja uliosalia umeanza kutoa maua ungali mfupi. Nifanyeje?

Jibu: Mbegu za stevia ni ndogo, nyingi ni tupu, na zinahitaji mwanga ili kuota, kwa hiyo hazifukiwi; hunyunyizwa juu ya udongo na kubonyezwa kidogo. Bora zaidi ni kukata vipandikizi vya shina vyenye vifundo vichache kutoka kwa mmea ambao umeonja majani yake na kuridhika nayo, kwani miche ya mbegu hutofautiana sana kwa utamu. Kuhusu maua, mmea huu huchanua mchana unapokuwa mfupi. Kata vichwa vya matawi leo hii, uache vifundo kadhaa karibu na ardhi, na maji yasituame kwenye mizizi. Utachipua matawi mapya pembeni, na hayo ndiyo ya kuvuna.