Paka wa ghalani akijikuna, dawa ya nafaka isimguse

Paka anayejikuna shingoni na kiunoni karibu na mkia, mpaka manyoya yakapungua na vipele vikatokea, mara nyingi ana viroboto. Anza na kitana cha chawa kabla ya dawa yoyote. Mchane kuanzia kichwani hadi penye mkia, kisha kung'utia uchafu kwenye karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikiacha rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, na wekundu ule ni damu ya paka mwenyewe. Kitana kichovye kwenye maji ya sabuni ya vyombo ili viroboto vizame. Mchane hivyo kila siku.

Wengi humhangaikia paka wakasahau anapolala. Mayai ya kiroboto hayang'ang'anii manyoya. Hudondoka kwenye magunia, mkeka na nyufa za sakafu, yakaanguliwa humohumo. Buu akishajifunga kwenye kifuko chake hata dawa haimpati vizuri, naye aweza kungoja wiki kadhaa. Ndiyo sababu viroboto "hurudi". Fua tandiko kwa maji ya moto, lianike kwenye jua kali, na fagia nyufa kila baada ya siku mbili kwa mwezi mzima. Gunia kuukuu choma tu.

Kutuliza mwasho, twanga kikombe kimoja cha oti za uji, zisizo na sukari, ziwe unga laini. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji: yakibaki meupe kama maziwa, unga uko tayari, ukituama chini, twanga tena. Koroga unga wote katika lita 5 za maji vuguvugu, umloweshe paka kuanzia shingoni kushuka kwa dakika 5 hadi 10, umsuuze na kumkausha kwa taulo. Asiyetaka maji usipambane naye. Chovya kitambaa, kikamue kidogo, ukibandike panapowasha mara mbili kwa siku. Penye mikwaruzo safisha kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai, kisichojaa, kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Mafuta ya nazi yawe kiasi cha punje ya mahindi, kwani atayalamba, na yakizidi ataharisha.

Hatari kubwa ni dawa ya unga ya kuhifadhia mahindi. Actellic Super, kwa mfano, ina permethrin, sumu ya wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja kama la mbwa. Kwa hiyo hata dawa ya viroboto ya mbwa yenye sumu hiyo yaweza kumuua, na ya josho la ng'ombe usimguse nayo kabisa. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Mafuta ya karafuu na ya mkaratusi humdhuru akiyalamba. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu. Ukinunua dawa, lebo itaje paka na uzito wake.

Uchafu mweusi masikioni kama kahawa iliyosagwa, au magamba mazito kwenye kingo za masikio na usoni, ni dalili za utitiri. Duara lisilo na manyoya laweza kuwa choa, nacho huambukiza watoto. Hayo, pamoja na vidonda vyenye usaha, mpelekee daktari wa mifugo.

Akishapakwa dawa isiyo yake akaanza kutetemeka au kutokwa mate, mfunge taulo asijilambe na mkimbize kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa hiyo. Kama bado ametulia, mwoshe kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mpeleke vilevile. Usimpe maziwa wala kumtapisha.