Kuunganisha Kirtani na Kawali kwa Shabadi ya Sheikh Farid

Anza na maneno kabla ya ala. Wengi wanaotaka kuunganisha kirtani ya Masingasinga (uimbaji wa maandiko yao) na kawali ya Masufi (nyimbo zao za ibada) hukusanya ngoma na wapiga makofi kwanza, kisha hutafuta shairi la kubandika juu yake. Haina haja. Tungo za Sheikh Farid, Sufi wa tarika ya Chishtiya aliyezikwa Pakpattan, Pakistan, zimo ndani ya Guru Granth Sahib yenyewe, kitabu kitakatifu cha Masingasinga: shabadi (tenzi za kuimbwa) 4 na saloki (beti fupi) 112.

Chukua shabadi yake inayoanza "Dilhu muhabbat jinh sei sachia", isemayo kwamba wa kweli ni wale ambao mapenzi yao yanatoka moyoni. Kiitikio chake ni mstari ulioandikiwa neno "rahao", si mstari wa kwanza. Wanakawali wengi hukosea hapo: huurudiarudia mstari wa kwanza kwa sababu ndio uliotangulia, na kiini cha shabadi kinapotea.

Raga, yaani mpangilio wa noti za wimbo, ni Asa, na imetajwa kitabuni, kwa hiyo usiibadilishe. Kwa noti saba za Kihindi (Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni), kupanda ni Sa Re Ma Pa Dha Sa, ukiruka Ga na Ni. Kushuka ni Sa Ni Dha Pa Ma Ga Re Sa. Waitikiaji wakigusa Ga wakati wa kupanda, Asa inageuka kuwa wimbo wowote tu. Waimbishe ngazi hiyo bila maneno dakika 10 kila mazoezi. Sa, noti ya msingi, ichaguliwe kwa kumpima kiongozi: aifikie Ma ya juu bila kukaba koo, maana kawali hupanda sana mwishoni.

Kundi la watu 9 latosha: viongozi 2, waitikiaji 4, harmoniamu 1 inayopigwa na kiongozi mmojawapo, tabla (jozi ya ngoma ndogo), dholaki (ngoma ya pande mbili) na rababu (ala ya nyuzi iliyowambwa ngozi). Rababu ina heshima yake hapa, kwani ndiyo aliyoipiga Bhai Mardana, Mwislamu aliyefuatana na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga. Lakini sauti yake humezwa na dholaki, na ngozi yake hulegea kwenye unyevu. Ilinganishe na harmoniamu dakika chache kabla ya kuanza, iwekee maikrofoni yake, na dholaki isubiri.

Mpangilio: alapu (utangulizi usio na mapigo) ya dakika 2 kwa rababu na sauti moja. Kisha rahao mara 4, taratibu, tabla ikipiga tintali ya mapigo 16. Ubeti, rahao, ubeti, rahao. Baada ya ubeti wa pili hamia keherwa ya mapigo 8, dholaki iingie, makofi yaangukie pigo la 1 na la 5. (Mpiga tabla wa taarabu ya Mombasa hatapata taabu na keherwa.) Waitikiaji hupenda kukimbia makofi yakishaanza, mpe mpiga tabla mamlaka ya mwendo, na kiongozi amfuate yeye.

Sasa panapohitaji uangalifu mkubwa. Mwanakawali huchomeka beti za washairi wengine katikati ya wimbo, huiita girah. Mwanakirtani naye huchomeka pramana, yaani mistari mingine ya Gurbani (maneno ya Guru Granth Sahib) inayoithibitisha shabadi. Mshono wa mila hizi mbili uko hapo hapo. Tumia mtindo wa girah, ile kuruka juu ghafla na kurudi kwenye kiitikio, ila maneno yawe saloki za Farid. Ukitaka mfano, tazama sura ya saloki zake: kati ya 130 zilizomo, 18 ni za Maguru wakimjibu. Usiongeze "Allah hu" wala neno lolote ndani ya mstari wa Gurbani, hata kama mapigo yanaliomba. Kwa Masingasinga maneno hayo ni Guru aliye hai, na kuyakatakata ni kumkosea adabu.

Ndani ya gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, Rehat Maryada (kanuni zao za mwenendo na ibada) huruhusu Gurbani pamoja na tungo za washairi wao Bhai Gurdas na Bhai Nand Lal tu. Kwa hiyo kafi (shairi la kuimbwa) ya Bulleh Shah, mshairi wa Kisufi, hata ikiwa tamu namna gani, ibaki ya jukwaani, tena kama wimbo wa pili unaojitegemea: maliza shabadi, rababu ishikilie Sa ileile kwa nusu dakika, ndipo kafi ianze. Gurdwarani pia ondoa makofi, tumia matoazi madogo, funikeni vichwa, vueni viatu, kaeni chini.